Kila Mtu na Buibui la Mwenziwe

Kikohozi kile, wajukuu zangu, kilikuwa cha mwanamume.

Kikavu, kizito, cha kifua kipana. Kilitoka nyuma ya pazia la jikoni, mara tu taa zilipozimika na muziki ukakatika kama uzi. Na ukumbi ule wa Faza umejaa wanawake, vichwa wazi, asmini nyweleni, magauni ya mgongo nje. Hapo ndipo tulipomwacha Huwaida, kasimama nyuma ya mashine yake ya muziki, anapapasa giza, roho imemruka.

Ambaye gazeti la juma lililopita alilifungia kaimati kabla ya kulisoma, nitamwambia upesi upesi.

Huwaida ndiye apigaye muziki kwenye harusi za wanawake. Kwetu huku mwanamume haingii na spika zake kati ya wake za watu, ndiyo maana kila harusi mpaka Kiwayu wanamwita yeye. Siku hiyo ilikuwa harusi ya Asmaa, shoga yake tangu wakiwa chuoni wanafunzwa alifu. Asmaa alikwenda Amu, mjini Lamu, asubuhi kupambwa. Nani aliyemwambia aende Amu? Huwaida. "Faza hakuna anayejua kupaka wanja siku hizi, shoga, nenda Amu." Haya, ameenda Amu, amepakwa wanja, maji yamekupwa, boti imekaa kwenye tope la Mkanda, ule mkondo wa mikoko. Wageni wako ukumbini, bibi harusi yuko topeni.

Lingekuwa jambo la kucheka, kama si Bi Umi.

Bi Umi wa Mbwajumali, kijiji cha jirani, ni shangazi yake Twahir, bwana harusi. Ndiye aliyemlea kijana tangu alipofiwa na mamake, na Twahir havuki neno lake. Na Bi Umi tangu mwanzo alimtakia mke wa Mbwajumali, karibu na nyumba. Basi alipoona jua linakwenda na kiti cha bibi harusi kitupu, aliapa mbele ya watu: "Wageni hawa wakitoka ukumbini hawajamuona bibi harusi, mimi naondoa radhi zangu. Mke asiyetokeza siku yake hamtaki mume. Na nikahi haifungwi." Nikahi yenyewe ilikuwa ifungwe usiku ule ule, baada ya Isha.

Kwa hivyo kazi ya Huwaida ilikuwa moja: awachezeshe wageni, asitoke mtu, mpaka Asmaa afike. Na alikuwa akiiweza, wallahi. Chakacha juu ya chakacha. Mpaka giza. Mpaka kikohozi.

Sasa twendeni.

"Mwanamume!" mtu akapiga ukelele. "Mwanamume yu ndani!"

Lo! Mtafaruku. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mazulia na makhanga, asije mtu akachungulia, kwa hivyo hata jua la alasiri halikuwa na pa kupitia. Giza totoro. Na mabuibui yote yalikuwa yamerundikwa juu ya kitanda kimoja kando ya mlango. Wanawake wakakivamia kitanda kile kama kuku waliomwagiwa mtama. Mkono ulioshika kitambaa cheusi haukuuliza ni cha nani. Ni kuvaa tu.

Huwaida naye akanyakua moja, akajitupia, akawasha tochi ya simu yake. Simu za wengine zilikusanywa mlangoni tangu mwanzo, watu wasipigane picha. Akaruka viatu, akaruka sinia, akafunua pazia la jikoni.

Akakuta ametanguliwa.

Bi Mwanaarabu, bibi mzee, ameshamshika mtu kwa ukosi wa shati. Kijana mrefu kama mnara, amebandika mgongo ukutani, na usoni amejifunika sinia ya halua.

"Nani wewe?"

"Kiprotich, Mama. Wa jenereta."

"Mato yako yako wapi?"

"Nimefunga macho, Mama. Tangu huko nje nimefunga."

"Umefunga tangu nde, mlango umeuonaje?"

"Nimeugonga na kichwa, Mama."

Huwaida akammulika. Kweli, juu ya ukingo wa sinia kipaji cha uso kimetoka nundu kama andazi.

"Hujaona mtu?" Bi Mwanaarabu akamtikisa.

"Sijaona mtu. Nimeona sufuria tu. Na hiyo nimeona na pua."

"Na kilichokuleta kwa wanawake ni nini?"

"Petroli ilikuwa inakwisha, Mama. Nimeita huko nje, muziki iko juu, hakuna mtu anasikia. Nikaingia kusema. Lakini nimekohoa! Wazee wa hapa Faza walinifundisha, mwanamume akiingia mahali pa wanawake akohoe. Mimi nimekohoa vizuri."

Bi Mwanaarabu akamwachia ukosi. Akashika kiuno.

"Akohoe kabla, mwanangu! Akiwa nde! Si akishasimama jikoni!"

"Kabla?"

"Kabla!"

"Ah," akasema Kiprotich nyuma ya sinia. "Hiyo hawakusema."

Msimlaumu. Mtu akitoka bara akaletwa kisiwani, anafundishwa kila kitu nusu. Mie namjua mmoja aliambiwa avue viatu mlangoni mwa msikiti, akavivua, akaviingiza ndani kavikumbatia kifuani. Lakini turudi.

"Petroli nyingine iko wapi?" Huwaida akauliza.

"Mwenye duka la petroli amekwenda Kiwayu na ufunguo."

Hakuna petroli, hakuna jenereta. Hakuna jenereta, hakuna spika. Na simu mkononi ikalia, ujumbe wa Asmaa: *Maji yaanza kujaa lakini boti bado imekaa. Huwa, wazuie. Nakuomba kwa Mungu wazuie.*

"Toka kinyumenyume," Bi Mwanaarabu akamwambia Kiprotich, "na hiyo sinia uiache."

Huwaida aliporudi ukumbini, mtu ameshateremsha zulia la dirisha la juu, mwanga umeingia. Akaona, na moyo ukamshuka. Kule kulikokuwa na rangi za kila namna, sasa ni weusi mtupu, kutoka ukuta mpaka ukuta. Kila mwanamke amevaa, amejifunika. Na mwanamke akishavaa buibui, wajukuu zangu, mguu mmoja uko nyumbani kwake. Umrudishe kwa kitu gani?

Bi Umi keshasimama kati. Ni mwanamke wa kimo, sauti yake yafika mpaka Ndau.

"Haya, watu wa Mbwajumali, tushike ndia! Muziki hamna. Taa hamna. Bibi harusi hamna. Kilichomo ni mwanamume tu!"

"Bi Umi, ndugu yangu," Bi Mwanamkisi akamkimbilia. Huyu ndiye mamake bibi harusi, mwanamke mpole, tangu alfajiri hajakaa kitako. "Ni kijana wa jenereta. Hakuona kitu. Ngoja kidogo, pilau yapakuliwa."

"Pilau nimekula kwangu. Mimi nilikuja kuona mke. Yuko wapi?"

Bi Mwanamkisi akatupa jicho kwenye kiti kitupu. Akamtazama Huwaida. Huwaida akatazama sakafu.

"Waona?" Bi Umi akawageukia watu wake. "Hawana la kusema. Twendeni."

Akaushika mlango. Akavuta. Mwanga wa nje ukaingia kidogo, na Huwaida akaona harusi ya shoga yake yatoka kwa mlango ule, imevaa buibui, yaenda zake.

Halafu Bi Umi akasimama.

Akanusa. Akainua mkono wake wa kulia akanusa kwapa la buibui. Akanusa na la kushoto.

"Mbona mimi nanuka vitunguu?"

Akaushika upindo wake, akautazama.

"Hili si buibui langu! Langu nimeletewa kutoka Maka, halijawahi kukosa udi! Hili ni la nani, lanuka jiko?"

"Na mimi langu lanifika magotini!" akasema mmoja mrefu, miguu yote nje kama korongo.

"Basi ulilovaa ni langu, maana hili lafagia ukumbi!" akajibu mmoja mfupi. Kweli, alikuwa kama mtoto aliyeangukiwa na tanga.

"Mama yangu, hili lina peremende mfukoni!"

"Usizile! Ni za mjukuu wangu!"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Huwaida akasikia kile kicheko kikitambaa ukutani kama moto wa makuti, na akili ikamjia. Akapanda juu ya kiti cha bibi harusi. Kiti cha bibi harusi, jamani, kile cha dhahabu na matandiko meupe! Akakipanda na viatu.

"Mabibi zangu! Asitoke mtu! Mwenye kutoka na buibui la mwenziwe ametoka na mali ya watu!"

Bi Umi akamgeukia. "Waniita mwizi?"

"Sijakuita, Bi. Bado hujatoka."

Ukumbi ukalipuka. Hata watu wa Mbwajumali wakacheka chini ya vitambaa. Bi Umi ni mwanamke wa dini, hakosi darsa, na Huwaida alijua hivyo. Hawezi kuvuka kizingiti na nguo ya mtu.

"Basi tubadilishane upesi twende," Bi Umi akasema kwa hasira.

"Tukirukiana ovyo tutachaniana," Huwaida akasema. "Twende kwa taratibu. Mmoja aingia kati, anacheza na buibui lile alilolivaa. Mwenye nalo akilijua, aingia naye, wacheze pamoja, alivue kwa mkono wake. Asiyecheza havuliwi, na asiyevuliwa harudi kwake."

"Na nitalijuaje langu?" mtu akauliza. "Yote ni meusi!"

"Kwa pua! Kuna mwanamke hapa asiyejua udi wa nyumbani kwake?"

Pakapigwa kigelegele cha kwanza tangu giza liingie.

"Na muziki?" Bi Umi akauliza. Hakuwa mjinga yule. "Tutacheza kwa muziki gani, bibi? Wa kupiga mbinja?"

Hapo, wajukuu zangu, Huwaida akaona haya.

Maana Bi Mwanaarabu alikuwa amekuja na pembe zake. Zile pembe za nyati za kugonga kwa kijiti, za ngoma ya vugo, ambazo mamake na bibi yake walizigonga kwenye harusi kabla ya spika kuzaliwa. Amekaa nazo mapajani tangu adhuhuri. Na kila alipoinua kijiti, Huwaida alimwendea kwa adabu: "Bi, pumzika leo. Tuna spika."

Huwaida akashuka kitini. Akamwendea.

"Bi, naomba pembe."

Bi Mwanaarabu akatazama juu. "Si tuna spika?"

"Zimelala, Bi."

"Zimelala, au zimekufa?"

"Zimekufa, Bi."

"Sema kwa sikio hili, lile jingine halisikii."

"Zimekufa!"

"Innalillahi," akasema Bi Mwanaarabu, na uso wake wote umekunjuka kwa furaha. "Nitagonga. Lakini kwa sharti. Kila harusi we hukaa nyuma ya meza kama karani, wawachezesha wenzio na wewe huchezi. Leo wacheza. Kijiti changu kikisikia umekaa, nacho kinakaa."

"Bi, mimi sijui kucheza vugo."

"Ndiyo maana nimesema ucheze."

Ko! Ko-ko! Ko! Ko-ko!

Pembe ikalia. Si sauti kubwa, lakini yaingia mfupani. Wazee wakainua vichwa. Bi Mwanaarabu akaanza kuimba, maneno kayatunga pale pale, na wote wakayadaka:

*Buibui la mwenzio*
*halikai mabegani,*
*mwenye nalo na atoke*
*alivue hadharani!*

Akaingia yule mrefu mwenye miguu ya korongo. Akaingia yule mfupi mwenye tanga. Wakazungukana, wakanusana kama paka, wakavuana, vigelegele vikapasua dari. Na likivuliwa buibui, chini yake latoka gauni la zari, yatoka asmini, mtu arudi kama alivyokuwa. Weusi ukaanza kupungua ukumbini, rangi moja baada ya nyingine.

Mtu aliyepata lake, je, alilivaa akaenda? Ah wapi! Alilitupa kitandani akarudi kucheza, aone nani atanuswa baadaye. Binadamu hajaumbwa akaondoka kwenye raha ya kumtazama mwenziwe akinuswa.

Bi Umi alisimama mlangoni, mikono kifuani. Anasubiri lake tu.

Na hapo ndipo Huwaida, katikati ya ngoma, akijifunza kurusha bega, akaligundua jambo.

Buibui lililo mwilini mwake lilikuwa laini kama maji. Na lilinuka udi. Si udi wa dukani, udi wa watu waliokwenda Maka.

Alikuwa amelivaa la Bi Umi.

Jambo la kwanza lililomjia ni kulivua na kuomba radhi. Jambo la pili likawa zuri zaidi. Bi Umi asipolipata, hatoki. Bi Umi asipotoka, Mbwajumali haitoki. Basi Bi Umi asilipate.

Huwaida akateleza nyuma ya watu wanene.

Bi Umi alichoka kungoja. Akaingia kati mwenyewe, anaanza kunusa. Akamnusa wa kwanza. "Si hili." Akamnusa wa pili, akapiga chafya. "Hili kabisa si langu."

"Bi Umi!" Bi Mwanaarabu akasimamisha kijiti hewani. "Aingiaye kati acheza! Sharti ni sharti!"

"Mimi? Na umri huu?"

"Tumezaliwa mwaka mmoja, usinizeeshe. Cheza!"

Bi Umi akatikisa bega moja. Kidogo tu, kwa kulipa sharti. Lakini bega likikumbuka, mwenyewe hana amri nalo. Likatikisika tena. Mguu ukalifuata. Watu wa Mbwajumali wakaanza kunong'onezana, kwa maana vijana wao hawakujua. Wazee ndio waliojua: Umi huyu, enzi zake, alikuwa akiingia vugo na harusi za jirani zinakosa watu.

"Ee! Ee! Umi!" wazee wakampigia makofi.

Akazunguka. Huwaida akazunguka upande wa pili. Akaenda kushoto, Huwaida akaenda kulia. Akanusa hewa. "Lipo humu ndani! Nalisikia!" Huwaida akachutama nyuma ya mwanamke mmoja wa Mbwajumali, yule mwanamke akacheka akamfunika na mtandio wake. Wa pili naye akajua. Wa tatu. Jamani, watu wa Bi Umi mwenyewe wakawa wanamficha Huwaida! Kila Bi Umi alipokaribia, wanaziba ndia kwa viuno vyao, wanaimba kwa nguvu.

Huku nyuma Bi Mwanamkisi akapita karibu na Bi Umi, pua ikamshtua. Akasimama.

"Bi Umi," akasema kwa aibu, "hilo ulilolivaa... ni langu."

"Lako? La vitunguu?"

"Ni vitunguu vya pilau, ndugu yangu. Vya wageni wako. Nimekesha nikivimenya."

Bi Umi akamgeukia. Akamtazama mwanamke yule mpole, mato mekundu kwa kumenya. Akasema polepole, "Basi ndoo hapa ulivue. Lakini ucheze kwanza, maana mimi nimechezeshwa."

Wakacheza, mkwe na mkwe, uso kwa uso. Na aliyeona aliona Bi Umi akitabasamu, ingawa anakana mpaka leo.

Lakini furaha ya mtu mmoja yamvuta mwingine kaburini. Huwaida, kwa kufurahi kuwaona wale wawili, alisahau kujificha. Akanyanyuka kupiga kigelegele. Na mkono ukamdaka bega.

"Wewe!"

Pembe ikanyamaza.

"Wewe ndiye uliyevaa langu! Umekwenda nalo jikoni kwa mwanamume!"

"Lilinisitiri, Bi. Mungu akulipe."

Bi Umi akalivuta kwa nguvu, akamvua. Akalivaa. Akalinusa, akaridhika. Akapanga kitambaa kichwani. Na lile tabasamu likafa.

"Kila mtu amepata lake," akasema. "Mchezo umekwisha. Na kiti bado kitupu, mabibi wenye harusi. Mimi si mtoto wa kusahaulishwa kwa ngoma. Niliapa, na kiapo changu hakijacheza. Watu wa Mbwajumali, twendeni."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema twendeni!"

"Bi Umi," akasema mmoja wao kwa sauti ndogo, "tungoje walau pilau."

"Basi nitakwenda peke yangu, na radhi zangu nitakwenda nazo!"

Huwaida akajitupa mbele ya mlango. Hakuwa na spika, hakuwa na mchezo, hakuwa na buibui. "Bi, nisikilize. Mimi ndiye niliyemwambia Asmaa aende Amu. Nilaumu mimi. Usimvunjie yeye."

"Ondoka ndiani, mwanangu."

"Siondoki."

Na mlango ukagongwa, mgongoni mwa Huwaida. Gogo-gogo-gogo!

"Fungueni! Bibi harusi mekuya!"

Lo, lo, lo! Vigelegele! Bi Mwanaarabu akazigonga pembe mpaka kijiti kikakatika. Mlango ukafunguliwa, na akaingia mtu amefunikwa kitambaa cha kijani kuanzia kichwani, ameshikwa mkono na somo wake, yule mwanamke aliyemfunda ndoa, anatembea pole pole kama desturi.

Ila hatua zake zilikuwa zinalia. Fyaku. Fyaku. Fyaku.

"Ngojeni!" Bi Umi akanyoosha mkono. "Wa kumfunua ni mimi."

Hakuanza kichwani. Aliinama, akainua upindo wa kitambaa. Na ukumbi mzima ukaona. Miguu miwili ya bibi harusi, hina zake hazionekani, tope jeusi la mikoko kutoka nyayo mpaka magotini.

"Nini hii?"

Sauti ikatoka ndani ya kitambaa, imechoka, lakini haitetemeki. "Ni tope la Mkanda, Bi."

"Limekupata vipi ndani ya boti?"

"Boti ilikaa, Bi. Mjomba Abubakr akasema tungoje maji yajae, ndiyo salama. Nikamwambia kuna watu wananingoja. Gauni nikampa somo alishike, nikajifunga khanga, nikashuka nikasukuma."

"Ukasukuma? Wewe?"

"Mjomba alisukuma nyuma. Mimi nilivuta kamba mbele."

Bi Umi akakifunua kitambaa chote. Wanja wa Amu umeteremka mashavuni mpaka kidevuni. Nywele zimefumuka. Na Asmaa akamtazama mato kwa mato, hakuangusha uso.



Halafu Bi Umi akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Kirefu! Hakina mwisho! Kilipokwisha akageukia watu, machozi yanamtoka.

"Nani alisema huyu hamtaki mume? Eh? Nani aliyelisema neno hilo?"

"Ni wewe, Bi Umi!" ukumbi wote ukajibu.

"Basi nilisema upuuzi! Huyu amemfuata mume kwa miguu baharini! Mwanangu Twahir atampata wapi mwingine kama huyu? Leteni maji! Leteni marashi!"

Akavua lile buibui la Maka, akalikunja, akaliweka chini, akamsimamisha Asmaa juu yake na tope lake lote. Akapiga magoti, akamwosha miguu kwa mkono wake mwenyewe, marashi ya mawaridi yanatiririka meusi. Hina zikaanza kutokeza, ua baada ya ua. Huwaida akalia akicheka, akimfuta shoga yake wanja kwa upindo wa mtandio.

"Nilikwambia hawatatoka," akamnong'oneza.

"Umewafanya nini?" Asmaa akauliza. "Mbona wote wananusana?"

Hata hajajibiwa, hodi ikapigwa mlangoni. Abubakr, yule mjomba, kasimama nje kwa adabu, mgongo kauelekeza ukumbini. Akaomba kusema na Bi Umi. Bi Umi akatoka na mikono yake ya povu la tope. Huwaida akamfuata, akaurudishia mlango, ukabaki ufa.

"Bi," Abubakr akasema kwa sauti ya chini, "nimekwenda barazani kumpa Twahir habari kwamba mke amefika. Twahir hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Alisikia tumekwama. Akachukua boti kwenda kumtafuta bibi harusi. Amepita bahari ya nje, kuzunguka Manda. Sisi tumekuja na ndia ya ndani. Tumepishana. Na simu yake haishiki."

Bi Umi akashika ukuta. "Amekwenda peke yake? Kumfuata mwanamke ambaye hajamuoa? Watu watasema nini?"

"La, Bi, umemlea vyema. Alichelea maneno kama hayo." Abubakr akakohoa. "Kwa hivyo amemchukua sheikh wa kufungisha nikahi. Na mashahidi wote wawili."

Kule msikitini, muadhini akaanza kuita Magharibi.

Bi Umi akaingoja adhana mpaka ikamalizika. Halafu akamshika Huwaida mkono, yule yule aliyevuliwa buibui kwa nguvu, akamshika kama anayezama.

"Huwaida, mwanangu. Waweza kutuchezesha mpaka Isha? Na baada ya Isha?"

Huwaida akageuka kutazama ndani. Asmaa yuko kitini, miguu safi, anauliza huku na huku Twahir atakuja saa ngapi kumpa mkono. Na upande wa watu wa Faza, shangazi zake Asmaa walikuwa wamesikia kila neno kwenye ufa wa mlango. Mmoja baada ya mwingine, wameinama wanatafuta viatu vyao.